Ufuta Usiokamuliwa

Mjukuu wangu, mume wangu Hamisi,

Marahaba. Huku Mitwero hatujambo. Goti la babu yako limepoa, na mama yako mdogo kajifungua salama mtoto wa kike.

Umeniuliza kama hisa za hiyo kampuni ya kompyuta zitazidi kupanda au zitaanguka. Kompyuta siijui. Ufuta naujua.

Nilipokuwa kigori kwetu Mtama, bei ya ufuta ilipanda mpaka jirani akawa anamuuzia jirani. Mama akawa anamuuliza kila mnunuzi, "Unakwenda kuukamua?" Wakamcheka. "Nani akamue, mama wee? Jumamosi nauza tena!"

Mama akauza wote, akabakiza wa mafuta yetu tu. Bei ikazidi kupanda. Baba alikasirika mpaka akasusa kula. Kisha ghafla wanunuzi wakakosekana, magunia yakabaki yamejaa vyumbani mwa watu. Siku ya bei kuanguka mama hakuijua. Alichojua ni kwamba hakuna aliyeutaka ufuta wenyewe.

Basi waulize hao wanaonunua pamoja nawe: wanakwenda kukamua nini?

Na ukiuza halafu zikapanda, watakucheka. Mimi mkeo sitasusa kula.

Bibi yako,
Mitwero