Gitaa la Besi na Tepu Iliyokatika

Busia, upande wa Uganda
Jumatatu, saa tisa mchana

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa kwenye benchi lako la nje, na macho hayakusumbui zaidi ya nilivyoyaacha. Ile dawa ya matone unaitia kila asubuhi, au mpaka ukumbushwe? Mama, shikamoo nawe. Najua ni wewe unayemsomea, kwa hiyo nakuomba usome yote, hata pale nilipokosea, usiruke kitu kwa kunionea huruma. Mimi ni mzima. Shangazi Mghoi ni mzima pia, ila miguu inamvimba akisimama sana.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Mnapiga, nasema sijambo, halafu nasikia mnanisubiri na maneno yote yananikimbia. Karatasi hainisubiri.

Nimechoka, Baba. Si ugonjwa. Tangu nimalize shule na kuja huku kumsaidia Shangazi hotelini, naamka saa kumi na moja kukanda unga. Wateja wetu ni wabeba mizigo na madereva wa malori wanaongoja kuvuka, na wanakula chapati kama watu walioambiwa mpaka unafungwa kesho. Mvua haijakatika kwa wiki tatu, kuni ni mbichi, na moshi umenifanya nikohoe kama bibi. Ikifika saa nane viganja vyangu havikunjiki. Naosha sufuria kwa vidole vilivyonyooka.

Lakini kuanzia saa tisa, wateja wakipungua, Shangazi huniachia muda mpaka saa kumi na mbili, na muda huo kuna kitu nimekuwa nikikifanya nyuma ya jiko bila kuwaambia. Nimetengeneza gitaa la besi.

Ilianza hivi. Kanisa tunakosali liko Dabani, na kwaya yake ilikuwa na besi moja. Kiongozi wa kwaya ni Mwalimu Othieno, mtu mzima wa Nabuyoga, mrefu, mwenye utani mwingi. Siku moja akiileta besi kwa bodaboda ilimponyoka ikaanguka barabarani. Shingo ilivunjika vipande viwili, na mwili ulipopasuka ikaonekana mchwa walikuwa wameumaliza kwa ndani. Akaja hotelini na vipande kwenye gunia, akalisukuma chini ya meza kwa mguu.

"Mama, hii sasa ni kuni tu," akamwambia Shangazi. "Pikia chai."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikasema, "Usiichome."

Akageuka kuniangalia. "Kumbe huyu mutoto iko na sauti? Miezi mingapi nakunywa chai hapa, mi nilifikiri ni bubu."

Nikamwambia baba yangu ni seremala, na kwamba nitajaribu. Nilisema kwa sauti ndogo sana, ikabidi Shangazi arudie.

Shingo niliichonga kwenye mguu wa kitanda cha zamani cha mvule, kwa sababu ulinifundisha kwamba mti mbichi hauna neno la kuaminika, na kitanda kile kimelaliwa miaka mingi mpaka kimekauka kabisa. Mwili ni ubao wa mfenesi. Msumeno na keekee niliazima kwa jirani anayetengeneza vitanda. Patasi yangu ilikuwa butu, nikainoa kwenye jiwe la ngazi. Jiliwa la kubania mbao sikuwa nalo, kwa hiyo nilipopaka gundi nilifunga mbao kwa mpira wa ndani wa baiskeli, nikauvuta na kuzungusha mpaka ukalia, kama ulivyofunga ule mlango wa kanisa letu. Vile vijiti vya chuma vya kwenye shingo, pale vidole vinapobonyeza, nilikata spoki za baiskeli nikazipiga nyundo zikalala. Nyuzi, funguo za kuzikaza na sumaku zinazopokea sauti nilitoa kwenye besi iliyovunjika.

Wabeba mizigo walinicheka kila siku. "Fundi, hilo gitaa linaiva saa ngapi?" Mmoja wao, Mkenya wa ng'ambo ya pili, alikuwa akigonga meza na kuagiza: "Nipe chai, mbili chapo, na nusu gitaa." Nilikuwa nainama tu. Sijui kujibu watu, unanijua.

Nikiwa katikati ya kazi hiyo, Mama alipiga simu akasema macho yako hayaoni tena mstari wa penseli, na kwamba Krismasi utamkabidhi binamu Mwakio sanduku la zana, kwa kuwa yeye ni mwanamume na atalitumia. Aliniuliza nasemaje. Nikasema sawa.

Haikuwa sawa, Baba. Nilikata simu nikaenda kusimama nyuma ya jiko. Miaka yote nilishika ncha ya tepu yako ya kupimia upande huu, wewe ukiwa upande ule, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama naitaka kazi ile. Mimi nami sikuwahi kusema. Basi nikaamua kwamba gitaa hili ndilo litakalonisemea. Likilia vizuri Jumapili ya mavuno, nitawaandikia niwaambie nilitengeneza mimi, na nitaomba sanduku.

Siku ya mazoezi ilikuwa Jumamosi, kesho yake ndiyo mavuno. Tukaunganisha kwenye spika ya kanisa. Uzi wa kwanza ukalia peke yake, mzito, mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka, na wanakwaya wakapiga makofi. Kisha Mwalimu Othieno akaanza kubonyeza vijiti kupanda juu. Kila alipobonyeza, sauti ilizidi kupotea. Kijiti cha kumi na mbili kiko katikati kabisa ya uzi, na ukibonyeza hapo lazima upate sauti ileile ya uzi mtupu, ila ya juu. Yetu ilitoa sauti ya mtu mwingine kabisa. Wasichana wa sauti ya kwanza wakafunika midomo.

"Nyara," akasema. Kwa lugha ya kwao maana yake ni binti yangu. "Chini inasema kweli. Huku juu inadanganya."

Mavuno yaliimbwa kwa ngoma na kinanda. Mimi nilikaa nyuma, karibu na ndizi na kuku walioletwa kama sadaka. Siwezi kukuficha, niliporudi nyumbani niliweka gitaa karibu na kuni, nikakaa nikiliangalia. Shangazi alisema kitu kimoja tu: "Kama ni la kuchoma, lichome kesho. Leo saidia kuosha vyombo."

Nililipata kosa Jumanne. Umbo lote nililinakili kwa kuweka vipande vya besi ya zamani juu ya karatasi, na vijiti vya shingo vivyo hivyo. Kipimo kimoja tu nilichukua kwa tepu, nacho ni cha kutoka pale juu nyuzi zinapoanzia mpaka kwenye daraja, kile kibao cha chini kinachozibeba. Sentimita themanini na sita, kama alivyoniambia Mwalimu Othieno. Tepu niliazima kwa huyo jirani wa vitanda, mpya, ya manjano. Nikaishika kama ninavyoshika yako. Nikaanzia kumi.

Yako ilikatika ncha kabla sijazaliwa, sentimita kumi zote za mwanzo, na nyumbani kwetu hakuna anayejua kupima kwa kuanzia mwanzo. Nilianzia kumi bila hata kufikiri, nikavuta mpaka themanini na sita, nikatoboa matundu ya daraja. Gitaa likawa fupi kwa sentimita kumi kamili. Ningeanzia kumi nikaishia tisini na sita, lingekuwa sawa. Nilikaa chini nikajiuliza nimewezaje kukumbuka nusu na kusahau nusu. Kisha nikajua. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha kwenye kumi. Aliyekuwa akisema "ongeza kumi" ni wewe, kila mara, hata kwa kiguu cha kigoda. Sikuwahi kusema mwenyewe hata siku moja.

Nikachonga vizibo vya mvule, nikaziba matundu ya zamani kwa gundi, nikashusha daraja. Nyuma yake ilibaki mbao ya upana wa vidole viwili tu, nilitoboa huku nimeshika pumzi. Ilinichukua siku nne, baada ya chapati. Matundu niliyoziba yanaonekana, ni madoa manne meusi katikati ya mfenesi wa njano. Mwalimu Othieno alisema tuyapake rangi. Nikakataa.

Jana alibonyeza kijiti cha kumi na mbili mbele ya kwaya yote, akainamisha kichwa, akarudia, kisha akanikabidhi gitaa nilipige mimi. Uzi mwembamba bado unakwaruza juu, kijiti kimoja hakijalala vizuri, na nilipiga noti tatu tu za wimbo mzima kwa sababu ndizo ninazozijua. Lakini hazikudanganya. Baada ya ibada mzee mmoja akauliza nani amenifundisha, nikajibu "Baba," na Shangazi anasema nilisikika mpaka mlangoni.

Sasa naomba. Mama, hapa soma polepole. Baba, nalitaka sanduku la zana. Nalitaka lote, randa na patasi na ule msumeno wenye mpini uliofungwa kamba. Si kwamba Mwakio ni mbaya. Lakini yeye hajawahi kuuliza ubao umekauka au la. Nimekwambia kosa langu lote ili usije ukalisikia kwa Shangazi ukafikiri nilikuficha. Ukiona bado halinifai, mpe Mwakio, ila unijibu wewe mwenyewe, usimtume Mama.

Nisalimie Bibi, na umwambie kikohozi ni moshi tu. Msalimie mdogo wangu Mkawasi, asichezee penseli zako. Msalimie Mwakio, na ukiweza usimwambie bado. Shangazi anawasalimu wote, na anasema viatu vya Mama atamtuma mtu navyo.

Na ile tepu, Baba, msininunulie mpya. Niwekeeni hiyohiyo iliyokatika. Kumi nitaongeza mwenyewe.

Mwanao,
Wakesho