Pupa Iliyopona

Jumapili, 2 Februari 2014
Rabia kaniuliza swali! La kwanza tangu nihamishiwe Kasulu. Darasani wanamcheka kwa kuwa hajui Kiha cha huku, basi kafunga mdomo hata nyumbani. Miaka minane tu, kimya kama mgeni. Leo kaona kiwavi kwenye mlimau wa jirani yetu Asnath. "Mama, mbona ana sura ya mavi ya ndege?" Nikacheka mpaka machozi. Halafu nikajiuliza — kweli, kwa nini? Unesi wangu wote huu na sijui. Tumechukua watano. Ndoo, majani ya mlimau, kipande cha chandarua kikuukuu juu.

Jumatano, 5 Februari
Asnath kachungulia ndoo, kanisalimia kwa Kiha. "Mwakeye, mama Rabia! Wadudu mnafuga kweli?" Akasema wangekuwa Nyarugusu, kule kambi ya wakimbizi, Wakongo wangeshawakaanga. Rabia kamjibu mwenyewe, tena kwa sauti: hawa si mboga, hawa ni wa kuangalia! Nimefurahi jamani. Kila asubuhi anawachora ukutani kwa mkaa. Baba yake akija kutoka Kibondo atagomba. Na agombe.

Jumamosi, 8 Februari
Sisimizi! Wanne wamekwisha, kabaki mmoja. Rabia kalia, akafuta machozi, akaisimamisha ndoo ndani ya beseni la maji ili sisimizi wasipande tena. Wazo lake mwenyewe.

Jumapili, 16 Februari
Kiwavi kajifunga kijitini kwa uzi wake, kavua ngozi, katulia. Sasa ni pupa, ya kijani. Watoto wa darasani kwake wamekuja kuitazama — kwangu, watoto! Nimewasikia barazani wakimfundisha Kiha, yeye akiwaeleza kwamba humo ndani kuna mabawa yanatengenezwa. Wamemaliza ndizi zangu zote.

Jumanne, 25 Februari
Asubuhi pupa ilikuwa nyeusi, imesinyaa. Rabia kaiona kabla ya kwenda shule. Imekufa? Nikasema tusubiri.

Nilirudi kutoka kazini kabla yake. Pupa imetoboka, vijidudu kama nzi vimejaa kwenye chandarua. Kumbe vilikuwa vinamla kiwavi wetu kutoka ndani siku zote hizo. Ningemwonyesha! Hiyo ndiyo sayansi yenyewe, najua. Lakini nikamkumbuka Rabia wa mwezi uliopita, yule wa kukaa anaangalia ukuta. Nikaenda kwenye mlimau wa Asnath, nikapekua mpaka nikapata pupa nyingine, nzima. Nikavunja na kijiti chake, nikabadilisha.

Mchana kaingia mbio. "Mama! Imepona!"

Nikaitika.

Jumapili, 2 Machi
Kipepeo katoka! Mweusi, madoa ya njano, mabawa bado mabichi. Nilitegemea Rabia ataruka. Wapi. Kasema kumbe kitu kikifa watu wasifanye haraka kuzika.

Nilitakiwa kusema pale pale. Nikaenda kuangalia chai jikoni.

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu Bazilio wa sayansi kanipigia simu. Rabia kasimama mbele ya darasa akasema pupa yake ilikufa ikarudi kuwa hai. Mwalimu kamwambia haiwezekani. Kabisha — ameiona. Wenzake wamemcheka, hata wale wa ndizi. Kaambiwa aombe radhi kwa kudanganya, kagoma. Mwalimu anasema amefundisha watoto wengi, mbishi wa namna hii hajakutana naye. Nimeahidi kwenda shuleni na Rabia kesho.

Chakula cha jioni hakugusa. Nikamwambia labda aliona vibaya. Mimi huyu! Nimemwambia mwanangu labda macho yake yalimdanganya. Naona aibu hata kuandika.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi, haraka haraka. Rabia keshavaa sare, kapiga viatu rangi. Ganda la pupa kalitia kwenye kiberiti, ushahidi. Haogopi hata kidogo, mwoga ni mimi. Nimejaribu kumwambia mara mbili. Ya kwanza akanikatiza, tutachelewa. Ya pili nikaishia kumnyoosha kola.

Yuko mlangoni, ananiita. Anasema leo yeye hatasema kitu, niseme mimi tu — mimi wataniamini.