Uma Zako Zimeingia Kiondoni

Tawa, Jumamosi, 1989

Kalondu, soma ukiwa umekaa. Naandika haraka nikiwa jikoni, wageni bado wako sebuleni. Uma na visu ulivyoniazima vimeenda!

Hapana, havijaibiwa. Afadhali vingeibiwa.

Si unajua mamake Kiema alikuwa anakuja leo kuniona mimi, mke wa mwanawe? Nikapanga meza na seti yako mpya uliyonunua Emali, ile ya mipini ya buluu. Weh, walivyoisifu! Ati nyepesi, ati inang'aa, ati kumbe hata mtu wa kawaida anaweza kuinunua. Nikashukuru kama ni yangu.

Sasa, mama mkwe alikuja ametuletea ndengu katika kiondo chake cha kusuka. Na kiondo cha mgeni hakirudi kitupu. Sukari ya kumtilia ilikuwa imeisha, basi shangazi Muthoki akaosha seti yako, akaifunga kwa leso, akatia kiondoni. Yote, Kalondu! Mimi nilikuwa nje nateka maji.

Kuingia, namkuta mama ameshika uma wako, analia. "Mwanangu, sijawahi kupewa kitu kizuri hivi." Ningesema nini? Ati rudisha, nimeazima?

Halafu wakaviombea. Uma, Kalondu! Watu wamefumba macho wanaombea uma.

Nikasema amina.

Nikadhani yameisha. Mama akapangusa machozi, akaniuliza kwa upole, "Na vijiko vyake?"

Vile ulivyobaki navyo.

Nikamwambia kuna rafiki yangu anavileta. Kalondu, amevua viatu. Amesema atakungoja.

Ndila