Mchungaji Anatangulia

Mpwa wangu Elisifa,

Shikamoo yako imefika Kiomboi, marahaba sana. Mama yako mzima, na mtama umekubali. Unauliza kutoka huko chuoni kama kweli mimi, mjomba wako niliyeishia darasa la pili, nilitafsiri Maandiko kwa Kinyiramba. Nani mwingine angeweza?

Waingereza walikuwa bado wageni hapa. Tukitafsiri na wazee, mmisionari wetu alisoma nakala yake ya Kigiriki cha kale, akasema mchungaji hutangulia, kondoo humfuata. Wazee wakaangua kicheko.

"Bwana, huyo anachungia fisi! Sisi tunaswaga kutoka nyuma. Andika nyuma, la sivyo kitabu chako hatukipokei."

"Siwezi kubadili," akajibu, karibu alie.

Akatoka kuwaonyesha. Alitangulia akiita kwa sauti tamu. Kondoo wakaingia kwenye kabichi za mkewe.

Ndipo nikasimama mimi, simba wa Iramba. Nikatangulia bila kugeuka, na kundi zima likanifuata mpaka mlangoni mwa kanisa.

Wazee wakasalimu amri: "Haya, andika mbele."

Waambie walimu wako neno lile lilipona kwa mkono wangu. Chumvi ya kondoo iliyokuwa mkononi hatukuiandika.

Mjomba wako, fundi wa Maandiko