Msalaba wa Felista

Ijumaa, Agosti. Upepo umevuma kutwa, vumbi limeingia mpaka kwenye chai, na sina hamu ya kusema na mtu. Ndiyo maana naandika.

Mwaka jana wazazi walitaka kujenga kibanda cha kuswalia nyuma ya ofisi, watoto wapate pa kuswali adhuhuri. Nikakataa. Mimi Mwislamu, mwalimu mkuu, nikawaambia Waislamu wenzangu kwamba shule ya serikali haina dini, ni ya wote. Nilisemwa hadi sokoni Nachingwea. Mama yangu kule Mandawa akapiga simu kuuliza kama nimebatizwa.

Sikujuta. Hata leo sijuti, nadhani.

Kisha Felista akafa. Alikuwa darasa la tano, na mama yake ndiye anayetupikia uji shuleni. Likizo ya Juni alikwenda kwa bibi yake, ng'ambo ya mto Ruvuma, malaria ikamchukua, akazikwa hukohuko. Mama wa watu hana hata kaburi la kupalilia.

Kila mtoto hapa shuleni ana mkorosho wake anaoumwagilia. Wa Felista, wenzake wakapeana zamu. Halafu saruji ilipobaki kwenye ujenzi wa vyoo, wakafinyanga msalaba mdogo, wakausimika pale penye mche. Karibu wote ni watoto wa Kiislamu. Nilipowauliza kwa nini, Mwajuma akanijibu bila wasiwasi, "Ndiyo alama ya kwao, Mwalimu."

Nilirudi ofisini, nikafunga mlango, nikalia.

Jumatano kamati ya shule ilikaa. Mwenyekiti, yuleyule niliyemnyima kibanda, hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Mwalimu, lile neno lako la mwaka jana bado lipo?"

Nikasema lipo. Maji nimeshayavulia nguo, ningefanyaje? Nikaahidi kwamba msalaba utaondolewa kabla ya Jumatatu.

Jana nilikwenda jikoni kumwambia Mama Felista. Nikaishia kumsifia uji. Leo asubuhi nikausifia tena, na ulikuwa umeungua.

Mchana, watoto walipokwisha kuondoka, nikamkuta kwenye mikorosho na jembe. Alishasikia, kijiji chetu hakifichi kitu. Alikuwa ameung'oa msalaba mwenyewe, ameufuta udongo, ameufunga mgongoni kwa kanga kama abebavyo mtoto. Akaniomba radhi. Yeye, ndiye aliyeniomba radhi mimi. Akasema hakutaka nipate taabu kazini kwa ajili ya mwanawe.

Halafu akauliza, kwa upole kabisa, "Na mti, Mwalimu? Nao niung'oe?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Akajitwika jembe lake akaenda zake, nami nikabaki pale penye shimo nikiona haya mbele ya mche.

Bado naamini shule isiwe na dini. Wangeniuliza kesho kuhusu kibanda au msalaba, ningejibu vilevile. Lakini neno nililisema mimi, na mzigo kaubeba yeye. Ningekuwa na moyo ningemwambia mapema, tukaung'oa pamoja.

Jumatatu Mwajuma na wenzake watakuja na ndoo zao, wakute shimo. Wataniuliza msalaba umekwenda wapi, na sijui nitawajibu nini. Najua tu kwamba nitawahi kufika. Wakija na maswali yao wanikute ninaumwagilia mkorosho wa Felista.