Uso Niliompa Teodora

Makambako,
Jumanne.

Dada Dorosela,

Kamwene dada, na shikamoo. Baridi ya Kifanya mnaionaje mwaka huu? Mguu wa Shemeji Anselmi umepona? Mimi mdogo wako ni mzima. Mji huu bado haujaniletea simu ya kunishinda, labda iliyozama chooni, na hiyo nayo huwa naijaribu.

Utashangaa fundi simu mzima kushika kalamu. Ila hili nikikupigia nitaleta utani, utacheka, nami nitakata kabla sijalisema.

Ni habari ya Teodora. Hilary aliyeleta mbao zenu kaniambia Shemeji amemkatalia kurudi shule. Eti mtoto wa miaka kumi na minne aliyeidanganya simu kuwa ni mtu mzima, akazoeana humo na lile jitu lililokuja kumsubiri getini pa shule, hana la kusomea tena. Unakumbuka tulivyoitwa shuleni. Mwalimu Mkuu alieleza kwamba sheria zimewabana wenye programu hizo za kuongea na watu usiowajua, mtoto hapiti. Nami nikadakia, si unanijua, nikatoa hotuba, nikamwita mwanao mwongo mbele ya walimu. Aliniangalia mara moja tu, akainama.

Dada, ile programu haiulizi miaka tu. Inataka uso. Geuka kushoto, geuka kulia, pepesa macho. Teodora alikuja kibandani kwangu akasema, “Mjomba, inanikataa, na wenzangu wote wamo.” Nikaona nitakuwa fundi gani, nishindwe na swali la umri. Nikaweka uso wangu, huuhuu wenye ndevu. Tena nikamtania kwamba hata siku ya ubatizo wake aliyemjibu padri kwa niaba yake ni mimi. Wala sikuuliza humo ndani kuna nani.

Mtoto hakudanganya mtu. Miezi miwili amenyamaza, ananifichia siri yangu.

Jumapili nakuja, niyaseme haya mbele ya Shemeji. Akitaka kunipiga, anipige, sitakimbia. Jumatatu nitaongozana na mtoto hadi kwa Mwalimu Mkuu, nikaseme palepale niliposimama siku ile. Asije akaishia kidato cha pili kama mimi, maana mimi niliacha shule kwa kupenda mwenyewe.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Barua hii msomee Teodora kwanza, ndipo Shemeji.

Ni mimi mdogo wako,
Odilo