Shimizi ya Shetani

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, mvua isiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Nguo nimeanika juu ya hita na nyumba nzima inanuka sabuni.

Wiki hii nimekuwa askari kanzu nyumbani kwangu mwenyewe.

Binti yangu Zawadi amezaliwa hapa hapa Birmingham. Nikimsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Basi Jumanne nimetoka zamu hospitalini, napanda ngazi, namsikia chumbani mwake, mlango umefungwa, akirudia Kiswahili polepole: "Munirudishie shimizi yangu. Baridi itaniua."

Shimizi!

Kwetu Voi shimizi ni nguo ya ndani ya mwanamke, ya kuvaa chini ya gauni. Sasa nani kachukua shimizi ya mwanangu? Na ilivuliwa wapi mpaka irudishwe?

Sikuuliza. Ukimuuliza kijana wa hapa anakuambia uheshimu faragha yake. Nilipekua kapu la nguo chafu. Nilinusa koti lake, maana wanaume wana harufu yao. Sikupata kitu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Alhamisi sauti ikaanza tena. Nikafungua bila kubisha.

Alikuwa peke yake na kompyuta. Kwenye kioo, filamu ya kutisha ya zamani, zile za Ulaya zenye kasri na ukungu na wasichana wa Kizungu wanaokimbia na gauni za kulalia. Katikati yao mwanamume mweusi mmoja tu, kifua wazi, kabandikwa manyoya ya kuku, katoa macho. Yeye ndiye aliyekuwa akidai shimizi. Chini yake pameandikwa kwamba anaongea lugha ya mashetani.

"Mum, chill," akasema Zawadi.

Kumbe klabu moja ya filamu kule Digbeth imemwomba azungumze Jumamosi kuhusu watu weusi katika filamu hizi. Alitaka abadilishe yale maandishi ya chini, aweke maana ya kweli. Lakini kamusi nayo ilimwambia yale yale ninayoyajua mimi: nguo ya ndani ya kike.

Hapo nikashuku upya. Wamemwita kwa akili zake, au walikosa sura nyeusi ya kuweka kwenye bango? Na akisimama mbele ya watu wale kusema kwamba shetani wao anataka shimizi, atakayechekwa ni nani? Ni mwanangu.

Nikampigia Mama Furaha, Mkongo tunayesali naye, nikaiweka simu karibu na kompyuta asikie. Alicheka mpaka akakohoa.

"Dada, kwetu shimizi ni ya wanaume! Chemise, quoi. Shati!" Kisha akatulia. "Huyo ni mutu ya kwetu. Anasikia baridi tu."

Jana nilikwenda Digbeth. Ghala la zamani, viti vya kukunja. Nilikaa nyuma, koti sikuvua, nikawachunguza watu mmoja mmoja. Sikumwamini hata aliyeniletea chai.

Yule mtu akatokea na manyoya yake, na safari hii maandishi yakasema anaomba shati lake, baridi itamuua. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikaubana mkoba kifuani. Walikuwa wanawacheka waliotengeneza filamu, hilo naliona sasa, lakini pale nilitafuta tu uso wa Zawadi gizani.

Katika tukio lililofuata la filamu wakamuua. Wa kwanza kufa, bila jina, katupwa kwenye majani yenye maji. Zawadi akaisogelea mashine ya kuonyeshea, akairudisha filamu nyuma kidogo na kuiacha icheze tena.

Maiti ilikuwa inatetemeka.

Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia mtu mbele yangu akivuta pumzi.

Tukarudi kwa basi mpaka Winson Green. Zawadi aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha. Nilijiandaa kumwambia jinsi ninavyojivunia, lakini akaniwahi, kwa Kiswahili, na hakuwa na mlango wa kujifichia.

"Mama, unafikiri walimrudishia shati yake?"

Nikamwambia ndiyo, bila shaka walimrudishia.

Akanitazama vile ninavyowatazama watu mimi.